Aliyepatikana Sokoni

Sitataja jina la mtu humu. Si kwa adabu, na wala si kwa woga, ingawa woga nao ninao wa kutosha. Shida yote ya nyumba yetu ilianza na jina, na mimi majina yamenichosha. Nitasema mama, nitasema mdogo wangu, nitasema mjomba na binti wa mjomba, na wanaotujua watatujua tu.

Kwanza nieleze jinsi tunavyoishi, maana mtu wa Nairobi akisikia tulichofanya hutuona wahalifu wa kuzaliwa. Kwetu ni Bukhayo, si mbali na Busia. Mjomba, kaka yake mama, ana boma lake upande wa Uganda, na kati ya boma lake na letu kuna mashamba ya mihogo, kijito kimoja na mpaka wa nchi mbili. Kijito kilikuwepo tangu zamani. Mpaka uliletwa na watu ambao hawakumuuliza babu, na sisi tukajifunza kuishi nao. Huku kwetu watu huazimana majina kama wengine wanavyoazimana sufuria. Mama wa upande wa pili akishikwa na uchungu, huja kujifungulia hospitali ya huku kwa kitambulisho cha wifi yake. Wa huku akitaka shule ya bei nafuu kule, hupewa jina la huko. Mimi mwenyewe nilisoma darasa la tano na la sita Uganda kwa jina la binti mkubwa wa mjomba, ambaye alikuwa amekataa shule kabisa. Nikawa wa pili darasani. Cheti bado kimetundikwa ukutani kwa mjomba, na wageni humpongeza binti yake. Sijawahi kuona vibaya. Jina lilirudi kwa mwenyewe likiwa safi, sufuria imesuguliwa.

Kwa hiyo siku ilipofika ya kumwazimia mdogo wangu jina, hakuna aliyeshtuka.

Mdogo wangu alikuwa msusi. Alikuwa na kigoda chake chini ya upenu wa nyumba ya mama, na wateja waliketi kwenye mkeka, vichwa vyao magotini pake. Alisuka huku akiimba, na alipokosa wimbo aliusema umbea wa kijiji kwa mtindo wa wimbo, tukacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa namsumbua kwa sababu sikuweza kutulia. Nilikuwa na simu mkononi, nilikuwa na kazi ya kufikiria, nilikuwa nageuka kila mara. Alikuwa ananivuta sikio na kusema, "Kaa sawa. Hiki ni kichwa, si kiazi." Nikiulizwa leo ni sauti gani ningetaka kusikia kabla sijafa, ni hiyo. Sina haja ya maneno ya kanisani.

Alitaka kufungua saluni Busia mjini, yenye kioo cha ukuta mzima. Akatokea mama mmoja aliyevaa vizuri, anayejua kuongea, akasema kule Ghuba watu wanatafuta wasichana wa kazi za nyumbani, miaka miwili tu na saluni imesimama. Wakati huo serikali yetu ilikuwa imewazuia wasichana wasiende. Habari mbaya zilikuwa zimejaa redioni, wabunge wakapiga kelele, mlango wa Nairobi ukafungwa. Yule mama akacheka na kusema milango iko mingi. "Hapo Uganda hawajafunga. Nyinyi si muko na watu huko?"

Tulikuwa na watu huko. Mjomba alikuwa na binti mdogo aliyezaliwa msimu mmoja wa kupanda na mdogo wangu, wanafanana macho na meno, na alikuwa hajawahi kujiandikisha kwa kitambulisho. Jina lake lilikuwa limekaa bure. Mjomba akapata barua kwa mwenyekiti wa kijiji chake, mdogo wangu akaenda kupigwa picha na kuweka vidole, na baada ya wiki kadhaa pasipoti ikatoka: sura ya mdogo wangu, jina la binti wa mjomba.

Na nani alimvusha? Mimi. Tulitumia njia ya panya asubuhi ya Jumanne, viatu mkononi, mimi nimebeba begi lake kichwani. Ng'ambo ya kijito tulikaa kwenye nyasi tukikausha miguu, na nikamhoji ili asikosee uwanja wa ndege. Jina lako? Akalitaja. Umezaliwa wapi? Akataja. Baba yako nani? Akamtaja mjomba wetu, kisha akaangua kicheko na kusema, "Leo mama yako ni shangazi yangu, nisalimie shangazi." Nikacheka naye. Mpaka leo kicheko hicho kinaniuma.

Mwanzoni alituma ujumbe wa sauti kila Jumapili. Nyumba ni kubwa, watoto ni watano, jua ni kali. Baadaye ujumbe ukawa mfupi, na sauti ikawa ya mtu anayezungumza akiwa ameinama. Siku moja akasema amehamishiwa nyumba nyingine, mji mwingine. "Huyu mama mpya anasema alininunua kwa yule wa kwanza, kwa hivyo niache kuuliza mshahara. Sijui kama ni Kiingereza chake ama ni hivyo." Wa mwisho ulikuwa na sekunde kumi na moja. Mtoto analia nyuma, maji yanatiririka, na yeye anasema, "Mwambie mama nitapiga Jumapili." Jumapili hiyo mama alioga mapema, akaiweka simu juu ya meza katikati ya kitambaa cha kufuma. Hakuna aliyepiga. Jumapili iliyofuata akaoga tena.

Nilikwenda kutoa taarifa kwa ofisi ya upande wetu. Ofisa alikuwa mtu mwema. Aliandika jina la mdogo wangu kwenye kompyuta, akasubiri, akanigeuzia kioo. "Dada, huyu mtu hajawahi kutoka Kenya. Mashine inasema yuko nyumbani." Nilimshukuru. Ningefanya nini kingine? Nikavuka nikamwambia mjomba atoe taarifa kule, kwa jina lililosafiri. Akatoa, akiwa baba wa msichana aliyepotea. Nilijiona mwerevu sana.

Sasa nieleze kazi yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha pabaya. Mimi ni karani wa wakala wa forodha, Malaba. Najaza fomu za malori. Kwa kuwa najua Kikhayo, Kiteso, Kiswahili, Kiganda cha sokoni na Kiingereza cha shule ya Uganda, niliombwa kuwa mkalimani wa kamati ya pande mbili ya kuzuia biashara ya kuuza watu. Kamati ilikutana kila baada ya miezi michache, mara huku, mara kule. Walikuja maofisa wa uhamiaji, polisi, watu wa ustawi wa jamii, machifu wetu na wenyeviti wao wa vijiji, na kwenye viti vya nyuma wazazi waliopotelewa na watoto. Maofisa walisoma Kiingereza. Mimi niliwageuzia wazazi sentensi moja baada ya nyingine.

Shuleni mwalimu wa historia alitufundisha jinsi biashara ya utumwa ilivyokomeshwa. Wageni walikuja na meli za kivita na karatasi, sultani akabanwa mpaka akatia sahihi kwamba watu wasisafirishwe tena kwa bahari. Mwalimu alikuwa mkorofi kidogo, akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye silabasi: kwamba wafanyabiashara walisoma ile karatasi vizuri kuliko walioiandika, wakaona imetaja bahari tu, wakawatembeza watu kwa miguu nchi kavu. Kwenye mtihani nikaandika kwamba mkataba ulimaliza biashara. Nikapewa alama zote.

Nilimkumbuka sana yule mwalimu nikiwa kwenye kamati. Upande wetu ulisema, sisi tulifunga mlango, wasichana wanapitia kwenu. Upande wa pili ukasema, sisi tuna makubaliano na nchi hizo, wasichana wetu wanakwenda kihalali, wanaopotea ni wenu wenye karatasi za kughushi. Upande wetu ukauliza, nani anazitoa hizo karatasi? Hapo mwenyekiti wa kamati huita mapumziko ya chai. Walibishana asubuhi nzima kama waandike waliouzwa au wafanyakazi waliokiukiwa mkataba, kwa sababu waliouzwa wanamlazimu mtu fulani kuwakomboa, na hakuna aliyetaka kuwa mtu huyo. Mimi niligeuza yote hayo kwa Kiswahili, na wazazi walinitazama mimi, si maofisa, utadhani maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nikitafsiri huku nikimwona mdogo wangu ameinama kwenye sinki la watu. Nilitaka kurusha glasi. Nilichofanya ni kusema, "Mheshimiwa anaendelea."

Mkutano ulioniangusha ulikuwa Amagoro, upande wetu. Mama alikuja. Sikumwita. Alikuwa amesikia kwamba siku hiyo ingesomwa orodha ya waliopatikana, akapanda pikipiki mbili mpaka pale akiwa na gauni lake la Jumuiya ya kanisani, akakaa safu ya tatu. Ofisa wa Uganda alisimama na karatasi, kijana nadhifu, sauti nzuri. Akasoma jina la kwanza na alikopatikana, nikageuza. La pili, nikageuza. Kisha akasoma jina la binti wa mjomba.

Mkalimani mzoefu husubiri sentensi iishe. Mimi sikusubiri. Nilisikia jina, nikasikia "amepatikana salama," na mdomo ukatoka mbio mbele ya akili. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo haikuwa ya kazi, "Amepatikana. Yuko salama."

Mama akasimama. Alinyanyua mikono yote miwili juu, akapiga vigelegele, na wanawake wa safu yake wakainuka wakamshika. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ofisa naye akatabasamu, akasubiri makofi yapungue, kisha akamalizia sentensi yake. Maofisa walikwenda kijijini kuthibitisha taarifa, wakamkuta mhusika sokoni Sofia, hapo hapo Busia ya Uganda, akiuza nyanya na vitunguu. Hakuwahi kusafiri. Kesi imefungwa.

Wote wakanitazama wanangoja. Mama alikuwa bado amesimama, shuka yake imeanguka begani, na uso wake ulikuwa wa zamani, uso wa kabla ya ile Jumapili. Nilimpa mtoto wake kwa muda wa makofi tu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema chochote, safu ya mama ilinisikiliza mimi tu. Lakini kijana alikuwa ananyoosha mkono kuniashiria niendelee, nami nikageuza: "Amepatikana sokoni Sofia. Anauza nyanya."

Mama alielewa upesi kuliko wote mle ndani. Aliketi polepole, akaiokota shuka, akaikunja mara nne magotini. Kisha kijana akasoma jina lililofuata, nami, Mungu anisamehe, nikaligeuza.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilivuka mpaka kwa njia halali, nikapigwa muhuri kwa mara ya kwanza katika safari isiyo ya kamati, nikamkuta binti wa mjomba kwenye meza yake ya nyanya. Amezipanga kwa mafungu ya nne nne, kubwa juu. Aliponiona akavuta ndoo nikae. Nilitaka kumkasirikia. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakujificha, kwa nini aliwaambia wale maofisa jina lake. Halafu nikajisikia mjinga. Mtu aliulizwa jina lake akalisema.

"Walikuja watatu," akaniambia. "Wakauliza kwa heshima, nyabo, wewe ndiyo fulani? Nikasema ndiyo mimi. Wakafurahi, wakanipiga picha. Mimi nikafikiri ni mambo ya kura."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akifuta nyanya moja kwa kanga, akairudisha, akaichukua tena ile ile.

"Mimi pia iko na shida," akasema. "Nilienda kuchukua kitambulisho juu ya mtoto aingie shule. Wakaniambia hii jina iko na mtu tayari, na vidole si yako, na huyo mtu ako Arabuni. Nikarudi hapa. Sasa mimi ni nani?"

"Nikisema ukweli kwa kamati, wanaweza kukushtaki."

"Sema."

"Na baba yako pia."

Mteja akaja, akauziwa fungu, akaenda. "Sema tu," akarudia. "Nimechoka kuwa Arabuni na huku niko sokoni."

Mjomba hakuwa mwepesi hivyo. Alikuja nyumbani kwetu Jumamosi, akakaa kwenye kiti bila kuegemea, akakataa ugali. Alisema alichofanya alikifanya kwa ajili ya dada yake, kwamba barua ile angeandikiwa hata mtoto wa jirani, kwamba kila boma pale lina barua kama ile. Yote yalikuwa kweli. Akaniuliza, "Wewe uliyesoma kwa jina la binti yangu, wewe ndiye utanipeleka polisi?" Nilimpenda mjomba. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na kila mara nilipoanguka alisema barabara ndiyo mbaya.

Mama alikuwa mlangoni anachambua mrenda. Hakuinua macho. "Wewe ukifungwa," akamwambia kaka yake, "nitakuletea chakula. Gereza najua iko wapi. Huyu mtoto sijui nipeleke chakula wapi."

Mjomba akavuta sahani, akanawa, akala. Hatukuongea tena habari hiyo.

Mkutano uliofuata ulikuwa Busia ya upande wa pili, chumba chenye mapazia mazito na feni isiyozunguka. Mama hakuja, nilimkataza. Sehemu ya asubuhi ilikuwa ya kawaida, mlango wenu, mlango wetu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Mzee mmoja Mteso akasimama akaeleza habari za mjukuu wake kwa Kiteso, akaketi. Wote wakanigeukia. Nikamtafsiri mzee mpaka mwisho, kwa uangalifu, sikutaka kumwibia zamu yake. Kisha nikabaki nimesimama.

Mwenyekiti akasema, "Asante, mkalimani, unaweza kukaa."

Nikasema, "Sasa hivi si mkalimani. Ni mzazi, au tuseme dada."

Nikasema yote. Niliyasema kwa Kiingereza, halafu nikajikuta nayarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wazazi, sentensi kwa sentensi, kwa mazoea. Jina lililo sokoni ni la mwenye nalo. Aliyelisafirisha ni mdogo wangu, Mkenya wa Bukhayo, na mimi ndiye niliyembebea begi. Sikulia. Nililia baadaye, chooni, nikiwa nimefungua bomba wasinisikie.

Kisha, niamini, wakaanza tena. Upande wa Uganda ukasema, kama ni Mkenya, basi ni wenu, mchukueni. Upande wetu ukasema, amebeba pasipoti yenu, ubalozi wenu ndio unaoweza kumdai. Walikuwa wanasukumiana mdogo wangu juu ya meza, na chupa za maji katikati. Aliyewakatiza ni mama mmoja wa ustawi wa jamii wa upande wetu, mtu mzima, asiyesema sana mikutanoni. Alivua miwani akasema kwa upole tu kwamba aliyemnunua msichana huyu hakujali ni wa nchi gani, na kwamba yeye hatoki chumba hicho mpaka barua iandikwe. Akavuta karatasi. Ilikuwa karibu na saa tisa. Waliokuwa na njaa walimchukia, lakini barua iliandikwa, yenye majina yote mawili, sahihi za pande zote mbili na mihuri miwili. Wazee wa kamati waliniambia baadaye kwamba hiyo ilikuwa barua yao ya kwanza ya pamoja kwa ajili ya mtu mmoja. Kabla ya hapo walikuwa wameandika mapendekezo tu.

Mjomba alikaa kituoni siku nne. Mama alivuka kila asubuhi na sufuria ya chakula, jinsi alivyoahidi, akarudi akilalamika kwamba kaka yake anataka chumvi zaidi. Mwenyekiti wa kijiji alinyang'anywa muhuri. Mimi nilishukuriwa kwa barua nzuri, nikaambiwa kamati itatafuta mkalimani mwingine. Sikuona ajabu.

Ilichukua miezi. Sitaki kuisimulia, kwa sababu hakukutokea kitu. Simu juu ya kitambaa, mama kuoga. Nilisikiliza zile sekunde kumi na moja kwenye foleni ya malori, kanisani wakati wa mahubiri, nikipika. Nilikuwa namkosa kwa namna isiyo na heshima, hata vitu vilivyokuwa vinaniudhi: nywele za bandia zilizonasa kwenye blanketi, kula nyama yangu sahanini, kunisema mbele za watu. Siku nyingine nilikuwa naketi kwenye kigoda chake, nikaona uwanja anavyouona yeye, nikaingia ndani upesi.

Ubalozi wa Uganda ulipompata kwa barua ile, alirudi kupitia Entebbe, kwa kuwa pasipoti ilikuwa ya kule. Walimleta mpaka Busia kwa gari la serikali, na pale kwenye kituo cha pamoja cha mpakani maofisa wa Uganda wakamkabidhi kwa maofisa wa Kenya. Kulikuwa na fomu. Ofisa akasoma jina la kwenye pasipoti, akasoma jina la kwenye barua, akamtazama, akaniuliza, "Huyu ndiye yule?" Nikasema ndiye. Nikatia sahihi ya kupokea mtu, mahali palipoandikwa mpokeaji, kama ninavyotia kila siku kwa makontena. Alikuwa amekonda na amevaa gauni refu jeusi lisilo lake. Nilimkumbatia. Akangoja nimalize.

Hayo ni ya miezi mitatu iliyopita. Yuko nyumbani, na watu husema tumshukuru Mungu, nasi tunashukuru. Anaamka kabla ya kuku. Hakai tunapokula mpaka mama amwamrishe. Sahani huziosha kabla hatujamaliza, anasimama nyuma ya kiti chako anaingoja. Kigoda nimekirudisha mahali pake chini ya upenu, naye hufagia kukizunguka.

Nikimwita kwa jina lake hageuki. Mwanzoni nilidhani ana shida ya masikio. Mama akasema ni uchovu, tumpe muda. Kisha, wiki chache zilizopita, binti wa mjomba alikuja kututembelea. Kesi yake ya kuazimisha jina imekwisha na kitambulisho kinashughulikiwa, alikuja na ndoo ya nyanya kichwani, amependeza. Nilimwona tangu langoni nikafurahi, nikamwita kwa jina lake, kwa sauti, kama mtu anavyomwita mgeni wake.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kamba anaanika. Aliiachia shuka ikaanguka kwenye vumbi, akakimbia, akaja kusimama mbele yangu, mikono imekutana tumboni, macho chini. "Naam, mama," akasema.

Binti wa mjomba alisimama pale pale langoni. Lilikuwa jina lake, alilolibebea kesi, alilolitafutia kitambulisho mwaka mzima, na nilikuwa nimemwita yeye. Hakuitika. Alitua ndoo chini taratibu, akageuka akatazama barabara, akajifanya hajasikia.

Nilimwambia mdogo wangu, "Si kitu, nilikuwa nakusalimu tu," akarudi kwenye kamba.

Siku hiyo nilifumua nywele zangu zote. Tangu hapo, kila jioni nikitoka kazini nalaza mkeka, naketi chini mbele ya kigoda kitupu, mgongo kwa mlango, kitana juu ya goti. Simu naiacha ndani. Namwita kwa jina lake, jina alilopewa na mama, mara moja tu na kwa sauti ya chini, kisha nanyamaza. Namsikia jikoni akiosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Kazini wameanza kunitazama kichwa na kuulizana kama nimefiwa. Mimi nakaa sawa, sigeuki, namngoja aje aniambie nimekaa vibaya.